Udaktari wa Mwalimu ni wa Nani?



Mama mmoja, mke wa mkuu wa shule ya sekondari, alitujia siku moja baada ya Misa akiwa na neno zito moyoni. Mume wake ana umri wa miaka 44, na kwa miaka 19 amekuwa mwalimu. Sasa ataka kurudi chuoni apate shahada ya udaktari katika uongozi wa elimu. Ada itatoka katika mshahara ule ule unaowasomesha watoto wao watatu. Mama yule hakulalamika, wala hakutuomba tumzuie mumewe. Aliuliza hivi tu: "Padre, mume wangu ataitwa Daktari, nami nitafurahi. Lakini watoto wa shule yake watapata nini?"

Siku ile hatukumjibu. Tuliomba nafasi ya kufikiri, maana swali lake lilitushinda. Leo twalifanya kuwa somo letu, kwa kuwa twajua ziko nyumba nyingi za Wakristo ambamo baba au mama ni mwalimu, na ambamo swali hilo lazungumzwa usiku watoto wakisha lala.

NENO LENYEWE

Tuanze na neno. Watu wengi wakisikia "daktari" hufikiri sindano na dawa. Lakini shina la neno hilo, katika Kilatini, ni kitendo cha kufundisha. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, vilivyokua karibu na Kanisa, daktari alikuwa mtu aliyethibitishwa na wenzake kuwa anaweza kufundisha. Ndiyo kusema mwalimu atafutaye udaktari hatafuti njia ya kuuacha ualimu. Atafuta kuufikia ukamilifu wake.

Kanisa liliona mapema kwamba heshima hiyo yaweza kugeuzwa kuwa bidhaa. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano ulikataza mtu yeyote asidai malipo kwa kutoa ruhusa ya kufundisha. Uliagiza pia kwamba katika kila kanisa la kiaskofu mwalimu apewe riziki yake, ili awafundishe bure makleri wa kanisa hilo pamoja na wanafunzi maskini. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyofungwa pamoja: cheo cha mwalimu na haki ya maskini.

Lugha yetu nayo ina neno lake: shahada ya uzamivu. Neno zuri, maana ndani yake tunasikia kuzama. Mzamia lulu hazami ili akae chini ya maji. Huzama ili aibuke na kitu mkononi. Akiibuka mikono mitupu, amelowa tu.

SHAHADA HII ILIVYOANZA

Udaktari uliokusudiwa hasa kwa watu wa kazi ya elimu ulianzia Marekani. Mwaka 1920 Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha kitivo chake cha elimu, nacho kikawa cha kwanza kutoa shahada iitwayo Udaktari wa Elimu. Kusudi lilikuwa kuitofautisha na Udaktari wa Falsafa. Udaktari wa Falsafa humwandaa mtu atakayekuwa mtafiti maisha yake yote. Udaktari wa Elimu ulitakiwa kumwandaa mtu aliye kazini, mkuu wa shule au mkaguzi au msimamizi wa shule nyingi, ili autumie utafiti katika kuongoza vizuri zaidi.

Lakini kadiri miaka ilivyopita tofauti hiyo ilififia. Vyuo viliongezeka, vyeti vikaongezeka, na watu wakaanza kuuliza faida iko wapi. Mwaka 2005 Arthur Levine alitoa taarifa iliyowatikisa wengi. Yeye hakuwa adui apigaye kelele nje ya mlango, bali alikuwa rais wa Teachers College, chuo mashuhuri cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alisema kwamba vyuo vingi viliigeuza shahada hii kuwa chanzo cha fedha, kwamba masharti ya kuingia yalilegezwa, kwamba masomo yalikuwa mbali na kazi halisi ya shule, na kwamba walimu wengi walitafuta cheti kwa kuwa cheti huongeza mshahara. Akashauri udaktari huo ufutwe kwa wakuu wa shule, na mahali pake iwekwe shahada ya uzamili iliyo imara katika uongozi.

Wengine waliona vema kuutengeneza kuliko kuufuta. Mwaka 2007 vyuo vikuu kadhaa, vikisaidiwa na Taasisi ya Carnegie, viliungana kwa kazi hiyo. Msingi wao ulikuwa huu: mwanafunzi wa udaktari wa elimu asianze na kitabu, aanze na tatizo la kweli lililomo katika shule yake, na tasnifu yake ionyeshe alivyolichunguza na alivyojaribu kulitatua. Mwaka 2010 Harvard yenyewe ilianzisha udaktari mpya wa uongozi wa elimu, wa miaka 3, ambao mwaka wake wa tatu mwanafunzi huutumia akifanya kazi nje ya chuo, katika chombo kinachohudumia elimu.

Basi, tusione haya kuuliza faida ya shahada hii. Hata wale walioizaa wameuliza swali lile lile la mama yule.

JE, SHULE YAHITAJI KIONGOZI MSOMI?

Kuna wasemao kwamba shule haihitaji msomi ofisini, yahitaji mwalimu hodari darasani. Usemi huu una ukweli, lakini si ukweli wote. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliokwisha fanywa juu ya shule. Waliona kwamba kati ya mambo yaliyo ndani ya shule yenyewe, linalomsaidia mtoto kuliko yote ni ufundishaji wa darasani, na la pili yake ni uongozi. Na sababu yake si ngumu kuifahamu. Mwalimu mmoja hodari huinua darasa lake. Kiongozi hodari huwafanya walimu wengi wawe hodari, na wakisha kuwa hodari huwafanya wasitamani kuondoka.

Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand, pamoja na wenzake, waliendelea mbele. Waliuliza: katika yote ayafanyayo kiongozi wa shule, ni lipi lenye nguvu kubwa katika masomo ya watoto? Jibu halikuwa kusimamia majengo, wala kuweka malengo, ingawa hayo nayo yana faida yake. Lililozidi yote ni kiongozi kushiriki yeye mwenyewe pamoja na walimu wake katika kujifunza namna ya kufundisha. Kiongozi asiyejifunza hawezi kuwaongoza walimu wajifunze. Na kiongozi ajifunzaye peke yake, mbali na walimu wake, amefanya nusu ya kazi.

UTAFITI NI KITU GANI?

Ili jambo hili lisibaki hewani, tutoe mfano. Tuseme mkuu wa shule ya kutwa aona kwamba kila siku ya mnada madarasa yanabaki nusu tupu. Kiongozi mwenye haraka huchukua fimbo, au huwaita wazazi na kuwagombeza. Juma linalofuata mambo ni yale yale.

Kiongozi aliyejifunza kuchunguza hufanya vingine. Kwanza huhesabu: hufungua daftari za mahudhurio za miaka miwili au mitatu na kuona ni watoto gani wakosao, wa vidato gani, wa vijiji gani, wavulana au wasichana. Pili huuliza, akiwasikiliza wazazi na watoto wenyewe bila kuwatisha. Labda atakuta kwamba wasichana hubaki nyumbani kulea wadogo zao mama akiwa mnadani. Tatu husoma wengine walisema nini juu ya jambo kama hilo mahali pengine. Nne hujaribu dawa, pengine kwa kubadili saa za vipindi siku ile, au kwa kupatana na wazazi juu ya malezi ya wadogo. Tano huhesabu tena, na kusema kweli: dawa imefaa, au haikufaa. Hayo yote huyaandika, akasimama mbele ya jopo la walimu wake wa chuo, nao humhoji hata waridhike kwamba asemayo yana msingi.

Huo ndio udaktari wa uongozi wa elimu ukifanywa sawasawa. Si maneno makubwa. Ni kupenda ukweli kuliko dhana, na kumpenda mtoto kiasi cha kumhesabu siku asipokuwapo. Mchungaji mwema naye alihesabu, ndipo akajua kwamba mmoja katika mia amepotea.

HATARI ZILIZO NJIANI

Hata hivyo hatuna budi kutaja hatari.

Ya kwanza ni uvivu uliovaa joho. Wako watu wanaolipwa kuandika tasnifu za wengine, na siku hizi ziko programu za kompyuta zinazoandika kurasa nyingi kwa dakika chache. Mwalimu anunuaye tasnifu amekuwa mwizi wa mtihani, yeye aliyewafukuza wanafunzi kwa kuibia mtihani. Siku atakaposimama mbele ya watoto kuwafundisha uaminifu, dhamiri yake itakuwa shahidi juu yake.

Ya pili ni vyuo visivyotambuliwa. Kabla ya kulipa hata shilingi moja kwa chuo cha nje, mwalimu na aulize Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada ya chuo kile yakubalika.

Ya tatu ni kiburi. Debe tupu haliachi kuvuma. Kuna mtu akisha kupata jina la Dokta hawezi tena kukaa katika chumba cha walimu wala kushika chaki. Tukumbuke habari ya Julius Nyerere. Tangu mwaka 1946 alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na baada ya kupata shahada yake katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 alirudi akafundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Baadaye vyuo vikuu mbalimbali vilimpa udaktari wa heshima. Lakini jina alilolipenda, na ambalo taifa humwita hata leo, ni Mwalimu.

Hatari ya nne ni yetu sisi tulio katika uongozi wa Kanisa, nasi yatupasa kuikiri. Mara nyingine tumempeleka padre, sista au mlei kusoma, na aliporudi hatukuwa na kazi ya kumpa. Tumemweka katika ofisi ambamo elimu yake haikutakiwa, au tumemwonea wivu na kunyamaza alipotoa shauri. Kisha alipotuacha tulisema hana shukrani. Tusitupe lawama zote upande mmoja.

DAKTARI ALIYESHUKA CHINI

Msimamizi wa walimu wote katika Kanisa ni Mtakatifu Yohane Mbatizaji de la Salle, aliyetangazwa hivyo na Papa Pius XII mwaka 1950. Huyu alikuwa daktari. Alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika nyumba yenye mali. Alipewa upadre mwaka 1678, na mwaka 1680 akapata udaktari wa teolojia. Alikuwa kanoniki wa kanisa kuu, na njia ya vyeo ilikuwa wazi mbele yake.

Lakini siku zile alikuwa amekwisha kuwafahamu walimu wachache wa shule za watoto maskini, watu wasio na mafunzo wala heshima. Mwaka 1681 aliwakaribisha wakae katika nyumba yake mwenyewe, na jamaa zake wakakasirika kwa kuona aibu. Mwaka 1683 akauacha ukanoniki, na katika njaa iliyofuata akawagawia maskini mali yake. Akawaunganisha walimu wale katika shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo, akaweka mahali pa kuwafunza walimu, akaagiza watoto waanze kusoma kwa Kifaransa, lugha yao, badala ya Kilatini.

Kitabu cha namna ya kuendesha shule, kilichokuwapo kwa maandishi ya mkono mwaka 1706 na kupigwa chapa mwaka 1720, hakikutungwa na daktari huyu peke yake mezani. Kilitokana na mashauriano marefu pamoja na mabruda waliokuwa darasani kila siku. Lililojaribiwa likafaa liliwekwa, lililoshindikana liliondolewa. Zaidi ya miaka 200 kabla ya Harvard kuanzisha shahada yake, mtakatifu huyu alikwisha onyesha maana ya elimu ya juu kwa kiongozi wa shule: kushuka walipo walimu, kujifunza pamoja nao, na kuwaachia watoto kitu kinachobaki.

LITAKIWALO NA KANISA

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba ni walimu hasa ambao shule ya Kikatoliki huwategemea ili ifikie lengo lake, na kwamba sharti waandaliwe vema katika elimu ya dunia na ya dini. Tena Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 806, huwaagiza wakuu wa shule za Kikatoliki waangalie kwamba elimu itolewayo humo isipungue ubora wa ile ya shule nyingine za eneo lile. Mzazi alipaye ada katika shule ya Kanisa ana haki ya kudai elimu hiyo, na mkuu wa shule hawezi kujitetea kwa kusema kwamba kwake sala zatosha.

MASHAURI YETU

Kwa mwalimu twasema: kabla ya kujaza fomu, andika katika karatasi moja tatizo la shule yako unalotaka kulitatua. Ikiwa karatasi yabaki tupu, ngoja kwanza. Labda lifaalo kwako ni mafunzo mafupi ya uongozi, kama yale yatolewayo na Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu huko Bagamoyo. Hapana aibu katika cheti kidogo kinachotumika vizuri.

Kwa mume na mke twasema: kaeni pamoja, mwandike hesabu. Udaktari huchukua miaka 3 au zaidi, na wengi huzidisha. Ada ya watoto isiguswe. Asomaye asifanye siri, naye abakiye na mzigo wa nyumba asihesabiwe kuwa mtazamaji tu. Jasho lake limo katika kila ukurasa wa tasnifu ile.

Kwa majimbo na mashirika twasema: mkimpeleka mtu, patanieni mapema kwa maandishi atarudi kufanya kazi gani, nanyi mtimize sehemu yenu. Akirudi, mpeni nafasi ya kusema, na masikio ya kumsikia.

Na kwa wote twatoa shauri moja. Tasnifu ya kurasa 300 kwa Kiingereza, ikisha kupokewa chuoni, mara nyingi hulala kabatini. Mwenye kuiandika na aiandike tena katika kurasa 10 za Kiswahili chepesi, aisome mbele ya walimu na wazazi wa shule ile aliyoichunguza, na awaruhusu wamwulize maswali. Hilo liwe jopo lake la mwisho. Jopo la chuo humthibitisha kuwa amejua. Jopo la wazazi litamthibitisha kuwa amerudi.

JIBU KWA MAMA YULE

Mama, uliuliza watoto wa shule watapata nini. Twakujibu sasa: itategemea kama mume wako atakwenda akiwa na swali lao mkononi, na kama atarudi akiwa na jibu lao. Akifanya hivyo, mwache aende, nawe umsaidie, maana watoto mia kadhaa watakula matunda ya kujinyima kwenu. Lakini ikiwa ataka jina tu, mwambie kwa upendo kwamba jina la Mwalimu analo tayari, na ni jina ambalo Bwana Wetu Yesu Kristu mwenyewe hakukataa kuitwa, usiku ule alipojifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu.

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walimu wetu na waende hata mwisho wa elimu. Lakini marejeo yao yawe darasani. Mtakatifu Yohane Mbatizaji de la Salle awaombee.